Hewa Itatokea Wapi?

Mume wangu Opondo hawezi kuona joto likitoroka. Ni ugonjwa. Tukienda kwa watu na chai ikiletwa, yeye huangalia kwanza kama kifuniko cha thamosi kimekaa sawa. Jikoni kwangu ameziba kila ufa, mpaka moshi wa kuni ukakosa njia, nikawa natoka kila jioni na macho mekundu na majirani wakaanza kuuliza kama nyumbani kuna amani. Miaka ishirini na tatu amekuwa fundi wa draya, mashine ya kukaushia majani, kwenye kiwanda chetu cha chai, na kazi ya fundi wa draya ni kuhakikisha hewa ya moto inapita kwenye chai na haipiti kwingine. Hutembea na kipande cha kamba nyeupe mfukoni mwa ovaroli, ile kamba nene isiyoungua ya kuzibia milango ya draya. Akihisi upepo wa joto shavuni, mkono huingia mfukoni wenyewe, hata kama bado anaongea na wewe.

Mimi naitwa Bonareri, na nafanya kazi kiwanda hicho hicho, ila mimi niko orofa ya juu, kwenye kunyausha. Majani mabichi yakitoka shambani tunayatandaza kwenye trafu, vitanda virefu vya wavu, feni inasukuma hewa kutoka chini, majani yanapoteza maji mpaka yanalegea. Hewa ikishapita kwenye majani imebeba maji, haina faida tena, iende zake. Kwa hivyo mimi hufungua madirisha. Na Opondo, huko chini, hupiga simu: "Mama Akello, funga hayo madirisha, baridi yako inashuka kwa draya yangu!" Mimi humwambia chai isiyonyaushwa ni mboga. Yeye hunijibu chai isiyokaushwa ni matope. Tumeishi hivyo, na mtoto tumemlea hivyo.

Mtoto mwenyewe ni Akello, msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye jina la mama mkwe wangu na ukaidi wake pia. Alisomea urubani, akapata leseni, kisha akarudi nyumbani Kericho kukaa. Kila kampuni ilimwambia kitu kimoja: leta saa za kutosha hewani ndipo tuongee. Na saa za hewani huzipati bila ndege. Siku moja, tukila, Opondo akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "Basi nitamtengenezea ndege."

Nilicheka mpaka nikaweka mwiko chini. Hiyo ni miaka mitano iliyopita, na tangu hapo sijapata nafasi ya kucheka tena juu ya jambo hilo, kwa sababu huyo mtu alitengeneza ndege.

Alinunua michoro, akapata mbao na mabati mepesi, akaanza kuijenga Kapsoit kwenye karakana ya Kebaso. Kebaso ni ndugu yangu mdogo, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mikono mizuri na ushauri mbaya. Watu wa Kapsoit walizoea kuleta mageti na kukuta bawa limeegemea ukuta. Mambo yakaenda, mwaka baada ya mwaka, hadi ikabaki injini. Kebaso akaipata kwenye gari la michezo lililogongwa, limetupwa nyuma ya gereji moja Kisumu.

Hiyo injini haina pistoni. Ndani yake kuna vyuma viwili vyenye pembe tatu, vinavyozunguka, basi. Ni ndogo, nyepesi, na ina nguvu ya kushangaza. Lakini ina moto. Kwenye gari la kawaida oili kazi yake kubwa ni kulainisha, na joto ni shida ya maji ya rejeta. Kwenye hii, oili hupita ndani kabisa ya hivyo vyuma vinavyozunguka, ikivipoza, na ikitoka huko imebeba karibu theluthi ya joto lote. Kwa hivyo ina rejeta mbili: ya maji, ambayo Kebaso aliiweka chini ya tumbo la ndege, na ya oili, ambayo Opondo aliifunga mwenyewe upande wa kushoto, nyuma ya tundu la hewa lililo puani. Oili ikizidi digrii mia moja, raba za ndani zinaanza kuharibika. Zikiharibika ukiwa juu, unashuka. Opondo alichora mstari kwenye geji ya joto la oili, hapo kwenye mia moja, kwa rangi yangu ya kucha.

Mkaguzi wa ndege alikuwa aje Ijumaa. Injini ilitakiwa ingurume dakika kumi kwa nguvu yote, na sindano ya oili isivuke ile rangi yangu. Ikipita, Akello anapewa karatasi ya kurusha ndege ya majaribio. Ikishindwa, mkaguzi hana nafasi nyingine mpaka mwaka ujao.

Jumatatu nilitoka zamu mapema nikaenda kuwaona. Ndege ilikuwa uani, mkia umefungwa kwa mnyororo kwenye kisiki cha mkaratusi. Akello alikuwa ndani, Opondo amesimama kando na saa mkononi, Kebaso na kizima moto ambacho sidhani kingezima hata kiberiti. Injini ikawaka. Kuku wa jirani walihama.

"Dakika tatu!" Opondo akapiga kelele.

"Tisini na nane!" Akello akajibu.

"Dakika nne!"

"Mia na saba! Maji ni themanini na nne tu, maji iko poa. Ni oili!"

Kwenye dakika ya sita oili ikafika mia na kumi na nane, Opondo akapitisha kidole shingoni, Akello akazima. Kukawa kimya, injini ikitoa milio midogo ya chuma kinachopoa.

"Shemeji," Kebaso akasema, "nilikuambia. Tuongeze mdomo."

Mdomo ni lile tundu la puani. Walikuwa wameshaupanua mara mbili. Kebaso akachukua makasi ya bati, akaupanua mara ya tatu, ukawa mkubwa hata ungeweza kupitisha sufuria ya kupikia wageni. Wakasubiri injini ipoe, wakawasha tena. Mia na ishirini na moja. Akello akaipunguza, ikawa inanguruma polepole.

"Imepanda," nikasema.

"Mama Akello," Opondo akasema kwa upole wa mtu anayejizuia, "hii si majani."

Hapo nilikasirika, na nikikasirika mikono yangu hutafuta kazi. Nikaenda upande wa kushoto wa ndege, nikainama, nikapeleka mkono chini nyuma ya ile rejeta ya oili. Kwetu kunyausha hakuna anayesoma kipimo kabla ya kuweka mkono. Kipimo kinakuambia juu ya mahali kilipo, mkono unakuambia juu ya kitanda chote. Nilitarajia hewa ya moto inimwagikie. Nikapata uzi tu wa hewa, mwembamba. Nikapapasa ule upenyo ambapo bati linakutana na tumbo la ndege, mahali ambapo hewa iliyopita kwenye rejeta ilitakiwa itokee.

Vidole vyangu vikagusa kamba.

Niliijua kabla ya kuiona. Nimefua ovaroli ya yule mtu miaka ishirini na tatu, naokota nyuzi za hiyo kamba kwenye karai kila Jumamosi. Alikuwa ameziba mlango wa kutokea. Ameuziba vizuri, kwa usafi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akabakisha tundu la kupitisha kikombe. Najua hata ilivyokuwa: siku moja alisimama pale, akahisi joto kwenye goti, na mkono ukaingia mfukoni. Pengine hakumbuki. Hewa ilikuwa inaingia kwa mdomo wa sufuria na kutakiwa itoke kwa kikombe. Mbele ya rejeta ilikuwa imejaa na kusimama, ile mpya inakosa pa kuingia, na kadiri wanavyopanua mdomo ndivyo inavyomwagika pembeni.

Nilisimama nikafungua mdomo niseme. Nikamwona Akello.

Alikuwa ameketi bado ndani, ameegemea kiti, anaangalia mbele kana kwamba kuna kitu cha kuona zaidi ya ukuta wa Kebaso. Na mimi nikaona kile ambacho miaka mitano nilikuwa nakwepa kukiona. Huyu atakaa nyuma ya hii injini. Atakuwa juu, na chini yake ni chai, na chai kwetu imepanda milima, na pasipo na chai ni mikaratusi, na pasipo na mikaratusi ni mto. Nilikuwa nimefikiria ndege kama jambo la Opondo. Sikuwa nimeifikiria kama mahali mtoto wangu ataketi.

Nikafunga mdomo. Mimi, ambaye hata kwenye kwaya naambiwa nipunguze sauti, nilisema nimechoka, nikaenda nyumbani. Ndege ambayo haipoi ni ndege ambayo hairuki. Sikuhitaji kufanya ubaya wowote. Nilihitaji kunyamaza siku nne tu.

Jumanne na Jumatano nilifanya kazi vibaya. Nilipita kwenye trafu nikafokea watu bure. Kulikuwa na msichana mgeni, majani yake hayakuwa yananyauka, akawa anaongeza feni. Nikamwambia, kwa sauti iliyozidi, "Feni haina makosa! Nani amefunga hilo dirisha? Hewa itatokea wapi?" Halafu nikasimama pale nimeshika dirisha, nikijisikia mjinga. Opondo hakupiga simu hata mara moja kulalamika juu ya baridi yangu, na niliikosa hiyo simu kuliko nilivyodhani.

Alhamisi tulikuwa na mapumziko wote wawili. Nilipika mchana, nikapeleka chakula Kapsoit. Mvua ya saa nane ilikuwa imeshaanza kujikusanya upande wa Kipkelion. Nilipofika mlangoni nikasikia Kebaso anaongea kwa ile sauti yake ya ushauri.

"Hii sensa ya kupima joto, shemeji, hukaa kwa oili ya moto, inayotoka kwa injini. Badala ya kuirudisha hapa tukiiweka huku, ambapo oili ishapita kwa rejeta, geji inasoma themanini. Themanini na tano. Inspekta anaandika, anakunywa soda, anaenda."

Nikachungulia ndani. Nilimwona Opondo kutoka mlangoni, ameketi kwenye tairi, ameishika ile sensa kiganjani. Akello alikuwa juu ya bawa, anapangusa kioo kilichokuwa tayari kisafi. Alikuwa amesikia, na alikuwa anangoja kama mimi.

"Hapana," Opondo akasema. "Huyo atakayeketi hapo ni mtoto wangu. Geji ikinidanganya mimi, sawa. Lakini itamdanganya yeye, na yeye ndiye atakuwa juu." Akaweka sensa mezani. "Nitampigia inspekta, nimwambie asije. Nimeshindwa, Kebaso. Nimeangalia kila kitu. Nimeshindwa."

"Sawa, baba," Akello akasema, na akaendelea kupangusa kioo.

Hiyo "sawa" ilinimaliza. Angelia, ningevumilia. Angepiga kelele, mimi ni mwalimu wa kelele. Lakini alisema sawa kama mtoto aliyenyimwa sukari anayejua kwamba haipo. Na mume wangu, mtu ambaye angeweza kudanganya na hakuna ambaye angejua, alikuwa amesema ukweli uliomwangusha mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa vyombo, nimeficha ukweli tangu Jumatatu.

"Opondo," nikasema.

Akageuka haraka. Mimi huwa simwiti kwa jina mbele ya watu. Huwa ni Baba Akello. Akajua kuna jambo.

"Hewa itatokea wapi?"

"Hewa gani?"

"Ya hiyo rejeta yako. Inaingia kwa mdomo kama wa sufuria. Itatokea wapi?"

"Inatokea nyuma, chini. Kuna upenyo..." Mkono wake wa kulia ukaenda polepole mfukoni mwa ovaroli, ukasimama juu ya mfuko, haukuingia.

"Uliuziba," nikasema. "Kwa kamba ya draya. Na nimejua tangu Jumatatu. Niliweka mkono, nikaigusa, nikanyamaza."

Kebaso alisema kitu kwa Kisii ambacho sitakirudia. Akello akashuka kwenye bawa. Sijawahi kumwona ameniangalia vile, na natumaini sitamwona tena.

"Mama, ulijua? Na ukatuacha tu?"

"Niliogopa," nikasema. "Niliogopa, Akello. Nilikuona umekaa mle ndani nikaogopa. Nikasema ikishindwa, utabaki chini. Hilo ndilo nililofikiri, na ninaona aibu."

Mvua ikaanza kupiga mabati. Akello akanisogelea, akachukua mfuko wa vyombo mkononi mwangu.

"Hata mimi naogopa, mathe," akasema. "Unadhani siogopi? Ndiyo maana nataka hiyo geji iseme ukweli na iseme chini ya mia. Sasa tuonyeshe."

"Kwanza mle," nikasema, kwa sababu ndilo nililoweza kusema.

Hawakula. Opondo alikuwa ameshalala chali chini ya ndege, na sauti yake ikatoka kule chini: "Lakini Mama Akello, joto lilikuwa linatoka hapa jingi sana."

"Ndiyo! Lilitakiwa litoke!"

"Linapotea bure."

"Opondo, hiyo si draya! Unataka kukausha nini humo, mtoto?"

Kebaso akacheka, na Akello akacheka, na baada ya muda ndege yenyewe ikaanza kucheka kutoka chini. Lakini Opondo ni fundi, na fundi haamini kwa sababu ya kuchekwa. Akatoka, akasema nionyeshe kwa macho. Nikamtuma Kebaso kwa pikipiki hadi kiwandani, kwenye mvua, alete gunia la manyoya ya chai. Chai ikichambuliwa, vijiti vyake hutoa nyuzi nyepesi za kahawia ambazo hazina uzito wowote. Hukaa kwenye kope, kwenye kofia, kwenye sandwichi za meneja. Ukitaka kujua hewa inaenda wapi, tupa manyoya.

Injini ikiwa imezimwa, tukaweka mbele ya mdomo ile blowa ya umeme ambayo Kebaso hupulizia makaa ya kufulia chuma. Opondo akainama karibu na mdomo aone vizuri. Nikachota kiganja cha manyoya, nikayaachia.

Yaliingia, yakazunguka, na yote yakarudi nje kwa kishindo usoni mwa Opondo. Yalijaa kwenye masharubu, kwenye nyusi, ndani ya masikio. Alisimama pale kahawia kichwa kizima, hakujipangusa.

"Yamerudi," akasema.

"Yamekosa mlango."

"Yamerudi yote," akasema tena, na nikaona uso wake, chini ya yale manyoya, unaanza kufurahi. Kwa fundi, kuona kosa ni nusu ya kupona.

Tulifanya kazi mchana wote uliobaki. Opondo aliing'oa kamba mwenyewe, kwa koleo, kipande baada ya kipande. Kebaso akaupanua upenyo wa kutokea, akakunja bati pale kwenye ukingo lielekee nyuma na chini, ili upepo wa ndege unapopita uivute hewa itoke. Mdomo wa mbele akaupunguza kwa bati jipya, huku akilalamika kwamba hakuambiwa tangu mwanzo. Na nilipochungulia ndani nikaona jambo la pili: rejeta haikujaa kwenye nafasi yake, kulikuwa na upenyo wa vidole viwili pande zote, na hewa hupenda njia rahisi. Kwenye trafu, majani yakiwa na shimo mahali pamoja, hewa yote inakimbilia hapo na yaliyobaki yanakaa mabichi.

"Hapo," nikamwambia Opondo, "hapo ndipo kamba yako inatakiwa. Ziba pande zote, hewa isipite kando ya rejeta. Ipite katikati."

Akatoa kamba mfukoni. Kisha akaziba, na hakuna mtu katika Kaunti ya Kericho ambaye angeweza kuziba vizuri kuliko alivyoziba. Tukarusha manyoya tena. Yaliingia mbele, yakatokea chini, yakaenea uani kwa Kebaso kote, na kuku waliorudi wakahama mara ya pili.

Ijumaa mkaguzi akaja, mzee mmoja mwembamba aitwaye Onyiego, mwenye kalamu tatu mfukoni na koti la mvua ambalo hakulivua. Alikagua kila skrubu. Aliuliza sensa imekaa wapi, na Opondo akamwonyesha: hapo, kwenye oili ya moto. Kebaso akapata ghafla kitu cha kufanya nyuma ya karakana. Injini ikawaka. Nilisimama mahali ambapo ningeona midomo ya Akello.

Dakika tatu, themanini na mbili. Dakika tano, themanini na nane. Dakika ya saba, tisini na moja, na nikaanza kuomba kwa lugha zote ninazozijua. Dakika ya nane, tisini na mbili. Dakika ya kumi, tisini na mbili. Sindano ilikuwa imesimama chini ya rangi yangu ya kucha, na ikakataa kupanda.

Onyiego akaandika. Akainama kwa shida, akaangalia lile bati lililokunjwa pale chini, akapeleka mkono akahisi joto linavyomwagika, akavuta manyoya mawili ya chai yaliyokuwa yamenasa.

"Hii njia ya kutokea imefanywa vizuri," akasema. "Wengi wanahangaika na mbele tu. Nani aliichora?"

Opondo hajawahi, tangu anioe, kukiri kwamba kuna kazi inafanyika orofa ya juu. Alikohoa. Akaangalia kisiki, akaangalia mawingu.

"Ni mke wangu," akasema. "Yeye ni wa kunyausha."

Onyiego aliandika na hilo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata tuliipakia ndege kwenye lori, mabawa yamefunguliwa, tukaipeleka Chebunyo, Bomet, ambako ardhi imelala tambarare na mzee Johana ana malisho marefu yaliyonyooka. Mzee Johana aliondoa ng'ombe wake mwenyewe, akimtaja kila mmoja kwa jina, kisha akaizunguka ndege mara mbili. "Mama," akaniambia, "huyu mtoto akienda juu, nani anamwambia arudi?" Nikamwambia geji. Alitikisa kichwa kama mtu ambaye angependelea ng'ombe.

Akello aliniomba jambo moja, au mimi ndiye nilimwomba, sikumbuki: atakuwa anatusomea joto kwenye redio kila dakika. Opondo alishika redio. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikaruka mara moja, ikagusa, ikaruka tena, na haikurudi chini. Nikaketi kwenye majani yenye umande na nguo yangu ya kanisani.

"Oili themanini na tano," redio ikasema. "Maji sabini na tisa."

Ilizunguka juu ya mahindi, ndogo, nyeupe, inang'aa.

"Oili themanini na sita. Maji themanini. Mama ameketi chini?"

"Ameketi," Opondo akasema.

"Mwambie naona hadi kwenye chai. Mwambie ni nzuri."

Nililia, bila moshi wowote. Opondo pia, lakini alisingizia vumbi, na Chebunyo kulikuwa na umande tupu.

Alikaa juu dakika ishirini na tano, akashuka, akairudisha hadi mbele yetu, akazima. Saa ya kwanza ilikuwa bado haijatimia, lakini ilikuwa imeanza. Alipokuwa ananikumbatia nilimwona Opondo juu ya bega lake. Alikuwa amesimama upande wa kushoto wa ndege, pale nyuma ya rejeta, na joto lilikuwa linamwagika kwenye magoti yake. Mkono wake ukaingia mfukoni. Ukatoka na kipande cha kamba nyeupe. Alikiangalia, akaja hadi nilipo, akakiweka kiganjani mwangu, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Kaa nacho wewe," akasema.

Orofa ya kunyausha ina dirisha moja, la tatu kutoka mlangoni, ambalo bawaba yake imechoka na upepo hulifunga kila mara. Jumatatu asubuhi nililifungua wazi kabisa, nikalifunga kwenye nguzo kwa ile kamba, mafundo mawili. Hewa yenye maji ikawa inatoka moja kwa moja kwenda nje juu ya chai. Nikangoja simu ilie. Saa nne Opondo alipanda ngazi, jambo ambalo hajafanya tangu apewe draya, akaja hadi kwenye dirisha akaivuta kamba aone kama imeshika. Ilikuwa imelegea kidogo. Akaikaza, akashuka kwenda kwenye draya yake.